Idadi ya Ndama

Nina hasira za karibu, nakiri, lakini Kassim angemkasirisha hata malaika. Miezi minane tuliketi katika chumba changu cha kompyuta hapa Garsen tukiunda sarafu ya kidijitali. Hatukujenga mtandao wetu. Tulidandia blokucheni, daftari la mtandaoni ambalo dunia nzima inalitumia, tukaandika mkataba, yaani programu inayokaa humo na kumpa sarafu anayezichimba. Kuchimba kwenyewe ni kubahatisha: kompyuta inajaribu namba baada ya namba mpaka ipate inayofumbua fumbo. Wachimbaji wakizidi, fumbo linakuwa gumu zaidi. Hakuna anayegawiwa kwa kujuana, hata sisi wawili.

Jina alichagua Kassim: Ndama. Yeye ni Mworma, ng'ombe wako damuni, nikaona sawa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kuupandisha mkataba mtandaoni, niliupitia mstari kwa mstari, maana ukishapanda haurekebishiki. Mahali pa kuandika jumla ya sarafu palikuwa patupu.

"Kassim, zitakuwa ngapi?"

"Zitakuwepo."

"Ngapi?"

"Za kutosha, Mwanaarusi. Ndama hawahesabiwi. Ukitaja idadi, unaita shari."

"Hizi si mifugo! Ungeziita Embe tungekuwa tumemaliza!"

Akafunga kompyuta, akaenda zake. Nilitamani kumrushia kiti. Sisi Wapokomo wa Kulesa tunahesabu hata mikungu ya ndizi ambayo haijakomaa.

Jumamosi wakaja vijana tisa, wengine kutoka Kilelengwani, kila mmoja na kompyuta yake. Sarafu isiyo na wachimbaji ni maneno matupu. Wakiondoka hawa, wasingerudi, na kazi yote ya Kassim ingekwenda na maji. Nyuma yao akaingia mzee Halake, baba yake Kassim, aliyesikia kwamba mwanawe anafuga ng'ombe wa umeme.

Ubeid, ndiye msemaji wao, hakumzungusha Kassim. "Buda, ziko ngapi zote? Kama hazina mwisho, si utajiongezea zako baadaye, sisi tubaki mafala?"

Kassim akamtazama baba yake, kisha akatazama sakafu. "Zipo," akasema.

Ubeid akaanza kukunja waya wa chaja. Wengine wawili wakamfuata. Nilifungua kinywa nitaje namba yoyote ile, lakini nikamwona Kassim akimtupia baba yake jicho kama mtoto mwenye kosa. Hasira zangu zote zikaniisha, nikamhurumia mno.

"Hii kijana nauliza nini?" mzee akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

Kassim akamweleza. Garsen nzima inajua kwamba hata daktari wa mifugo akimuuliza mzee ana ng'ombe wangapi, jibu lake ni "wapo" tu. Hajapata kutaja namba ya kitu chenye kwato tangu azaliwe.

"Hii ndama ni ya nani?" akauliza.

"Bado hawana mwenyewe, Baba. Ni wa atakayewapata."

"Basi kijana nauliza haki yake. Wewe naogopa mimi, ama naogopa shari?"

"Vyote viwili, Baba."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akakohoa.

"Andika. Hiyo shari ije kwangu mimi. Mimi mzee, imenizoea."

Kassim akaandika. Mzee hasomi, kwa hiyo akaniinamishia sikio nimnong'oneze kilichoandikwa. Nikamnong'oneza. Akasimama wima katikati ya wale vijana, akashusha pumzi.

"Elfu kumi na mbili!" akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mimi Halake ndiye nasema. Ndama ya mtoto yangu ni elfu kumi na mbili!"

Ubeid akachomeka tena chaja yake. Kassim akabonyeza, mkataba ukapanda, kisha akageukia ukutani akalia waziwazi mbele ya watu, na mimi mkali wa Garsen nikalia naye.