Matunda Yaliyoshindwa Kufika San Juan

Baba alianguka kutoka juu ya mti mwezi wa tatu akikata matawi ya kivuli, akavunjika nyonga, na maua yote ya msimu ule yakabaki mikononi mwangu.

Huku Papantla shamba la vanila halikabidhiwi binti kirahisi. Kaka yangu Delfino alikuwa amekwisha amua moyoni: anafyeka kila kitu, anapanda michungwa kama majirani. Baba akatoa sharti lake akiwa amelala chali kitandani. Matunda yakining'inia mpaka sikukuu ya San Juan, mwishoni mwa mwezi wa sita, shamba linabaki la vanila na linakuwa langu. Yasipofika, Delfino aje na panga.

"Tutaona, Nereida," baba aliniambia, "kama hicho cheti chako cha kilimo kinafaa zaidi ya kufunikia mtungi."

Ua la vanila hufunguka alfajiri, na adhuhuri limekwisha sinyaa. Halina siku ya pili. Ndani yake kuna kiwambo chembamba kinachoitenga chavua na mahali pa kuipokea. Msituni nyuki wadogo wasiouma hukivuka mara moja moja, kwa bahati, lakini mwenye shamba hawezi kukaa akingojea bahati ya nyuki. Unalishika ua, unalipasua mdomo kwa mwiba, unakiinua kiwambo, unabonyeza kwa dole gumba. Basi. Lililoshika husinyaa likiwa limeng'ang'ania ncha ya tunda. Lisiloshika huanguka. Nilibonyeza maua manane kwa kila kishada na kuyaacha mengine, kwa sababu mmea wa vanila haujui kukataa mzigo. Ukiubebesha yote, utazaa mpaka ufe.

Kila alasiri baba alitaka aletewe yaliyoanguka. Mama, Agripina, aliyaokota kwa kikapu na kuyamwaga juu ya blanketi, na baba akayapindua moja moja akitafuta yale niliyoyagusa.

"Hili umelichana kama mtu anayechuna kuku," alisema siku ya kwanza. Wiki ya pili aliuliza kama nilikuwa navaa miwani ya bibi. Wiki ya nne aliyapindua yote asipate hata moja nililoligusa, akarudisha kikapu kwa mama. Shambani matunda yalikuwa yamening'inia kwa vishada, mabichi, marefu kuliko kiganja changu.

Kisha mvua ikakataa. Upepo wa kusini ukavuma siku kumi na tisa, wa moto, na hata usiku hewa haikupoa. Niliona tunda la kwanza limegeuka manjano kwenye kikonyo. Nililigusa, likabaki mkononi.

Nikateka maji mtoni, ndoo mbili mbili. Nikafunika mizizi kwa majani yaliyooza, maana mizizi ya vanila hukaa juu juu na huungua upesi. Nikafunga makuti kila palipokuwa na jua. Asubuhi moja nilisimama chini ya mti na ndoo yangu imejaa, na matunda matatu yakadondoka mbele yangu, moja baada ya jingine, bila upepo wowote. Sikujua nimwage maji wapi. Nikayamwaga hapo hapo, likaanguka la nne.

Mwalimu wangu wa chuo alinieleza kwa simu kwamba usiku ukiwa na joto namna ile, mmea huutupa mzigo wake ili wenyewe upone. Ng'ambo ya mto, bibi Refugio aliyelima vanila tangu ujana naye alikuwa anafagia matunda kama majani makavu. Na shamba letu lote limetokana na rando moja alilolikata babu wa baba msituni. Tumekuwa tukilikata na kulipanda, tukilikata na kulipanda. Ni mmea mmoja uliosimama mahali mia tatu. Joto linaloushinda mmoja, linaishinda yote.

Siku mbili kabla ya San Juan mama alimwaga kikapu cha matunda ya mwisho juu ya blanketi. Delfino alisimama mlangoni. Hata yeye hakucheka.

"Ni mikono yako," baba alisema. "Uliyabonyeza vibaya."

Nikamkumbusha kwamba ua lililobonyezwa vibaya huanguka siku ya pili, halizai tunda refu hivyo. Alilijua hilo kabla sijazaliwa. Akasema basi niliubebesha mmea mno. Nikamwambia nilibonyeza manane, na yeye mwenyewe huwa anabonyeza kumi.

Mama akanivuta jikoni. Aliendelea kugeuza tortila, chapati zetu za mahindi, huku akisema kwa sauti ya chini.

"Muombe radhi, mwanangu. Kosa likiwa la mikono yako, mwakani mikono itajifunza, na shamba atakuachia. Likiwa la joto, nani atalifundisha joto?"

Nilirudi chumbani. Baba alikuwa ameshika tunda moja, analisugua kwa kidole kana kwamba litaiva.

"Sema tu ulikosea," alisema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba kitu. "Sema hivyo, Nereida, na huyu kaka yako arudi kwake."

Neno moja, na shamba ni langu. Na mwezi wa sita ujao nitasimama tena na ndoo chini ya mti ule ule, na yeye atakuwa hapa anaitazama mikono yangu.

"Sikukosea, baba. Haya yote yalishika. Joto limeyaangusha, na mwakani litayaangusha ya mtu yeyote."

Delfino akainamisha kichwa. "Dada, mwambie tu anachotaka. Hata mimi nitakaa kimya."

"Hapana."

Baba aliliweka tunda juu ya blanketi, akageuzia uso ukutani. "Basi niombe radhi kwa kunijibu hivyo."

"Siombi," nikasema. "Kwa hili wala kwa lile."