Mjumbe Aliyepisha Kikao

Mzee Andendekisye Mwasakyeni hakuwa na gari, hakuwa na suti, hakuwa na mtoto Dodoma wala mjomba wizarani. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Elimu yake aliipata kwenye masomo ya jioni, amejikunja kwenye dawati la watoto baada ya kutwa nzima ya kupalilia viazi. Kiingereza chake kilimtosha kusoma maelezo ya mbolea, si kugombana na mtu. Sauti ya jukwaani hakuwa nayo. Akishika kipaza sauti, watu wa nyuma waliuliza kama umeme umekatika. Hata umbo la kiongozi alikosa, maana kwetu kiongozi hutanguliwa kidogo na tumbo lake, na yeye alikuwa mwembamba kama mpini.

Alichokuwa nacho ni kiti. Alikuwa mjumbe wa Kamati Kuu ya Taifa ya Chama cha Mwamko wa Wakulima, mwakilishi wa Nyanda za Juu Kusini. Chama chenyewe hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa na katiba, na katiba hiyo Mzee Andendekisye aliijua kuliko walioiandika. Pale kwao Uyole vijana walimwita Mzee Kifungu. Yeye alijifanya kukasirika, ila jioni akimsimulia mkewe Esnath hakuacha kulitaja jina hilo.

Mwaka huo wa uchaguzi, Kamati Kuu iliitwa Iringa kupitisha wagombea ubunge. Jimboni kwa Lusia, mfanyabiashara wa mchele wa Chimala, wanachama walikuwa wamepiga kura za maoni na Lusia akaongoza kwa mbali. Aliyemfuatia ni kijana mmoja aitwaye Ezron, mtoto wa dada yake Vitus, na Vitus ndiye Katibu Mkuu wa chama. Lusia alikuwa ameingia Mwamko kwa mkono wa Mzee Andendekisye, akauza kadi soko kwa soko mpaka mwamvuli wake wa biashara ukapauka. Ilibaki Kamati Kuu kugonga muhuri tu.

Hapo ndipo picha ikaletwa.

Picha ilimwonyesha Lusia kwenye msiba mmoja Igawa, nyumbani kwa diwani wa chama pinzani, amejifunga kanga ya chama hicho, anapakua wali. Akaandikiwa mashtaka: kutumikia chama kingine, adhabu yake kuvuliwa uanachama. Asiyevijua vijiji vyetu angeshtuka. Lakini sisi tunajua kwamba kanga za kampeni hugawiwa hovyo kila uchaguzi, na uchaguzi ukipita huwa za kazi: za kubebea watoto, za kushikia masufuria. Siku ile Mzee Andendekisye alikuwepo msibani, kwa kuwa marehemu aliimba naye kwaya zamani. Aliona kwa macho yake sufuria la maharage likimwagikia gauni la Lusia, na bibi mmoja akafungua kanga yake mwenyewe akamfunga kiunoni, akimwambia, "Ficha hayo maji, mwanangu, wanaume wanatazama." Katika Kamati Kuu nzima, shahidi alikuwa yeye peke yake.

"Baba, sina mwingine," Lusia alimwambia kwenye simu. "Sema tu ulichoona."

"Nitasema," alijibu mzee. "Nakupa neno langu."

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kukodi upande wa Gangilonga, siku ya baridi ile ya Iringa inayoingia kwenye mifupa na kukaa. Mwenyekiti wa Taifa, Fanueli, mtu mkubwa mwenye kicheko kikubwa, alifungua.

"Mwamko!"

"Tumeamka!" wajumbe wakajibu, wengine wakipiga miayo.

Ilipofika ajenda ya Lusia, mzee hakusubiri. Alisimama, akavuta koti chini, akasema: "Mwenyekiti, mambo haya nayajua. Mimi nilikuwepo msibani."

"Mwongozo, Mwenyekiti," akadakia Vitus, kwa upole, kama mtu anayemnyoshea mzazi mto wa kukalia. "Mzee wetu amesema alikuwepo. Basi ni shahidi. Na shahidi akibaki humu na kupiga kura, atakuwa shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Jamani, mimi nimefika chuo kikuu, lakini kanuni hii nilifundishwa na huyu mzee kwenye semina ya Mafinga. Naomba atupe mfano leo. Apishe kikao, tumwite atoe ushahidi, kisha arudi kwenye kiti chake. Wajumbe, mpigieni makofi mwalimu wetu!"

Makofi yakalia. Wakapiga mawakili, akapiga daktari mmoja, akapiga profesa mstaafu aliyekuwa hajawahi kuitikia salamu ya mzee.

Sasa sikilizeni. Mzee Andendekisye hakuwa mjinga. Sentensi ilikuwa imeshapanda mpaka kwenye meno: Kama mimi napisha, basi na Katibu Mkuu apishe, maana Ezron ni mpwa wake. Kifungu ni hicho hicho kimoja. Kila mtu ukumbini alilijua hilo. Wengine walikula pilau kwenye harusi ya Ezron. Alihitaji kuitamka tu. Lakini aliyatazama makofi yale, mikono ya watu wenye digrii ikigongana kwa ajili yake, akaona kwamba akitamka neno lile makofi yatakatika ghafla, na yeye atageuka tena kuwa mkulima wa viazi mwenye kelele. Akaimeza sentensi. Akainamisha kichwa kidogo, kama anayepokea nishani, akatoka kwa hatua za taratibu na kuufunga mlango nyuma yake bila kuupigisha.

Nje kulikuwa na benchi la saruji. Akakaa, akapanga ushahidi wake kichwani: kwanza sufuria, kisha gauni, kisha bibi. Upepo ulipiga. Eveline, mama mnene aliyepikia kikao, alipita na birika.

"Kamwene, baba. Mbona umekaa kwenye baridi?"

"Kamwene. Nimepisha kikao."

"Umempisha nani?"

"Simpishi mtu, mama. Ni utaratibu. Jambo likikugusa, unatoka."

Eveline akamtazama, akautazama mlango. "Na hao waliobaki ndani haliwagusi?"

Mzee akacheka kicheko kifupi. "Siasa hizi, mama, ngumu kueleza."

"Haya. Shika chai basi, mwenye utaratibu wako, usije ukagandia hapa tukalaumiwa."

Alikunywa. Ndani walicheka, wakanyamaza, wakapiga makofi. Kila mlango ulipolia alisimama na kufunga kifungo cha koti. Kumbe mtu anaenda chooni. Alitaka kubisha hodi. Lakini mtu aliyepisha habishi hodi, huitwa. Hilo nalo alikuwa amelifundisha Mafinga. Akaendelea kukaa.

Mlango ulipofunguliwa wazi, wajumbe walimiminika wakikimbilia wali.

"Mwenyekiti," mzee akamshika Fanueli mkono, "mbona sikuitwa?"

"Ah, mzee wangu! Muda! Ajenda zimetubana mpaka koo." Fanueli akamwekea mkono mzito begani. "Ila hatukukusahau. Tumekuchagua, kwa kauli moja, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Maadili. Nani mwingine, kama si wewe?"

"Na Lusia?"

"Lusia tumemvua. Ezron amepita. Barua ya Lusia hii, utampelekea njiani. Wewe ndiye mjumbe wa kanda, ni utaratibu."

Mzee akapokea bahasha. Na Mungu ndiye anayejua kwa nini, alisema, "Asante."

Vitus akampa lifti kwenye gari lake hadi Nyololo, ambako Vitus huchepuka kwenda kwao. Njia nzima joto la gari lilimpuliza mzee miguuni na Vitus akazungumza kama mtu aliyeshusha mzigo.

"Mzee, leo umetusaidia sana."

"Nimesaidia nini? Sikusema kitu."

"Ndiyo hivyo! Ungebaki ungesimulia habari za sufuria, kina mama wangelia, kura zingeyumba. Makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa sawa, mzee. Nusu huku, nusu kule. Kura moja tu ndiyo imeamua." Akacheka. "Mimi nilikuwa na wasiwasi utasema na mimi nipishe. Nilikaa nikisubiri, jasho linanitoka. Ukanyamaza. Nikasema, huyu ni mzee mwenye busara."

Msitu wa misonobari ya Mufindi ulipita dirishani. Mzee alifungua mdomo. Halafu akauliza kama mvua huko kwao imeshaanza.

Nyololo alishuka, akamshukuru Vitus kwa lifti, akapanda basi la Mbeya. Chimala akateremka na bahasha ndani ya koti.

Lusia alikuwa kwenye kibanda chake kando ya mashine ya kukoboa, vumbi la pumba limezifanya nyusi zake nyeupe. Alipomwona mzee alifuta kiti kwa mkono. Kisha akamtazama usoni na kuacha kufuta.

"Wamenikata."

"Wamekuvua, mwanangu. Barua hii hapa."

Hakuipokea. "Ulisema habari ya yule bibi?"

"Sikusema."

"Walikukatalia?"

Hapa angeweza kusema ndiyo, na asingekuwa ametunga uongo mkubwa. Mashine ilinguruma. Mzee akaeleza yote: mwongozo, semina, makofi, benchi, chai, hata Kamati ya Maadili aliyopewa. Akaeleza na ile sentensi aliyoimeza, na kwa nini aliimeza.

Lusia alisikiliza mikono imo ndani ya gunia la mchele, akiuchota na kuumwaga, akiuchota na kuumwaga.

"Kwa hiyo kura yangu ilitoka nje kwa miguu yake yenyewe," alisema. "Ikafunga na mlango."

"Nitajiuzulu, mwanangu. Kesho hiyo hiyo."

"Ujiuzulu!" Akacheka, na kicheko hicho mzee hakukisahau tena. "Watakuandalia sherehe, baba. Watakupa blanketi na mkongojo, wapige picha, waseme mzee amepumzika kwa heshima. Na kiti chako atapewa shemeji yake Vitus. Kwa kikao kimoja wapate viti viwili."

"Niambie basi unataka nifanye nini."

"Andika hayo uliyoniambia."

"Habari ya msiba nitaandika yote, na kifungu alichovunja Vitus nitakitaja."

"Hayo wanayajua, na wameshayakalia. Andika na lile la makofi. Kwamba ulijua, ukanyamaza ili usifiwe. Uwapelekee na makatibu wa wilaya zote, wasome mikutanoni."

"Hilo nalo, Lusia? Hilo litakusaidia nini?"

"Mimi halinisaidii kitu. Jina langu limeshakwenda na maji. Lakini mwakani kuna mwanamke mwingine ataletewa picha, na mjumbe mwingine ataambiwa apishe, atapigiwa makofi. Nataka awe ameshasikia." Akaichukua bahasha sasa, akaitia chini ya mzani bila kuifungua. "Usipotaka, acha. Kalee hiyo kamati yako ya maadili."

Hakumsindikiza. Hakumwambia hata safari njema.

Kesho yake, jua limeshapanda juu ya viazi, Mzee Andendekisye aliweka meza barazani na kuandika. Barua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilikuwa na vifungu na aya, ilikuwa na maneno kama "ukiukwaji" na "kinyume na misingi", na Vitus ndani yake alionekana mchafu mpaka kucha. Alimsomea Esnath kwa sauti. Esnath alikuwa akimenya viazi, aliendelea kumenya.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Lakini wewe uko wapi humo?"

"Jina langu liko chini, hulioni?"

"Chini naliona."

Akaikunja barua, akakaa nayo muda mrefu. Angeipeleka ile, wilaya zingesoma na kusema: huyo ndiye Mzee Kifungu wetu. Angeipeleka nyingine, wangesema kumbe naye. Watoto wa Uyole wangemtafutia jina jipya, na alijua watoto wa Uyole hawachelewi. Kwa umri wake hakuwa na muda wa kutengeneza sifa nyingine.

Akachukua karatasi nyeupe.

"Kwa Kamati Kuu ya Taifa, na kwa makatibu wote wa wilaya," aliandika. "Mimi nilikuwepo msibani Igawa, na Lusia hana kosa. Katibu Mkuu aliniomba nipishe kikao. Nilijua kwamba mgombea wa pili ni mpwa wake na kwamba yeye ndiye aliyepaswa kupisha kabla yangu. Sikusema, kwa sababu alikuwa amenisifu mbele ya wasomi nami nikapenda. Kura iliyomwangusha Lusia ni yangu. Siachi kiti changu. Mkitaka kunivua, niiteni, na safari hii sitoki nje."

Alitia sahihi. Akanakili kwa mkono nakala za wilaya, moja moja, na katika kila nakala mkono ulisita mahali pale pale, kwenye neno "nikapenda", na kila mara akaliandika.

Alasiri akashuka Uyole kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi. Karani aliuliza kama kuna kitu cha kuvunjika ndani. Mzee akasema hakuna, ni karatasi tu. Akapaka gundi kwenye mdomo wa kila bahasha, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika, ya Kamati Kuu akaifunga mwisho. Karani akazitupia kwenye gunia, gunia likatupwa tumboni mwa basi, mlango ukabamizwa, na basi likaingia barabarani kuelekea Iringa.