Bweni la Ghorofa Nne

Jumatatu, tarehe sita Oktoba, manyunyu yalianza alfajiri. Mama fundi cherehani alifika chuoni na bintiye, aliyebeba godoro kichwani.

“Unataka bweni gani, binti?” msimamizi wa mabweni aliuliza.

“Mimi nimemsindikiza tu. Mwanafunzi ni mama.”

Wasichana waliokuwa foleni wakaangua kicheko. Msimamizi akaona haya. “Shikamoo, mama. Basi chukua lile la chini, la wageni. Utapumzisha magoti.”

Mama alisali kimoyomoyo, kisha akaonyesha bweni la wanafunzi, ghorofa ya nne.

“Magoti yangu yamezoea sala, mwanangu. Ngazi hayaziogopi.”

“Kelele zetu je, bibi?” mmoja akatania.

“Ninyi mtaniweza? Naamka saa kumi kusali!”

Binti akatembea kifua mbele. Mlangoni mama akawageukia wote: “Mnisikie. Nitahama hapa na shahada yangu mkononi.”