Meza Iliyofika Barabarani

Jumapili asubuhi familia ilikaa kwenye mkahawa wa mtaani kwao, ule wenye mapazia ya maua na viti visivyolingana, ikaagiza mayai, mkate wa kuchoma na birika la chai. Mama alikaa upande wa jikoni, kaka mkubwa na dada wa kati katikati, na kitindamimba, binti aliyekuwa dereva wa gari la mikate, upande wa mlangoni. Meza ilikuwa imerefuka tena. Miguu yake miwili ilikuwa nje, ukingoni mwa barabara, na mwenye mkahawa alikwisha kuung'oa mlango ili usiwasumbue.

"Wateja wangu wa siku zote," alisema. "Nikiwafukuza, nitakula na nani?"

Meza ilianza kurefuka pale daktari alipompigia simu kitindamimba kumpa majibu ya mama. Alisema matibabu yaanze upesi, kwani ugonjwa ule haumngoji mtu. Kitindamimba aliwaambia kaka na dada. Mama hakuambiwa. Marehemu baba aliacha sheria kwamba neno zito halisemwi mpaka sahani ziondolewe mezani, na kaka mkubwa alihakikisha haziondolewi. Mhudumu akija kuzikusanya, yeye huagiza matunda. Matunda yakipungua, huagiza mayai tena. Kila alipoagiza, meza iliongezeka urefu wa kiti kimoja, na tumbo lake nalo halikubaki nyuma.

"Tutaongea baadaye," alisema leo. "Mwacheni mama ale kwa raha zake."

Mhudumu alipita akiendesha baiskeli, birika likining'inia kwenye usukani.

Kitindamimba hakuwa ameonja kitu. Kule mbali alimwona mama akipuliza chai yake, mtandio umemlegea shingoni kwa jinsi alivyokonda. Aliogopa, tena sana: wiki zilikuwa zinakwenda, na yeye ndiye aliyepokea ile simu. Liwalo na liwe, akasimama.

"Wapi tena? Chakula hakijaisha," kaka alisema.

"Naenda kwa mama."

"Mhudumu! Mkate mwingine."

Meza ikarefuka. Kitindamimba alitembea kando yake. Alimpita dada wa kati, aliyekuwa akipaka mkate siagi huku analia, kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Wateja wengine walikunja miguu wampishe. Alifika anahema, na mama akamvutia kiti cha pembeni yake.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Huku hata utani wenu siusikii." Alimshika mkono, kiganja chake kilikuwa cha moto. "Hebu niambie wewe, maana tangu utotoni hujui kunificha. Majibu yangu yametoka?"

Sahani ya mama ilikuwa imeondolewa. Mbele yake palikuwa na kitambaa tu, kimenyooshwa vizuri. Kitindamimba alifungua kinywa. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalikuwepo, yote, kwa mpangilio wake. Mama alikuwa akimtazama huku anatabasamu.

"Bado, mama," alisema. "Wamesema wiki ijayo."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kiti chake kikaanza kurudi nyuma pamoja na kichwa cha meza, kikaingia jikoni, na mpishi akasogeza sufuria kukipisha. Mkono wake ukachomoka kwenye ule wa binti yake, kidole kimoja kimoja. Ikabidi mama apaze sauti ili asikike.

"Basi kuleni, wanangu. Mimi sina haraka."