Niko Hotelini

Safiyo alifika Isiolo jioni kutoka Oldonyiro, vumbi hadi kwenye nyusi, akachukua chumba cha ghorofani, juu ya hoteli moja ya chai kando ya barabara kuu ya Moyale. Alikuja kumzuia mwanawe. Yahye alikuwa ameahidi jambo moja tu: lori alilopanda na wenzake likifika Isiolo atashuka amuage mama, kisha aendelee hadi Moyale, Ethiopia, na huko mbele Libya, akiitafuta Ulaya. Ridwan, kaka yake, alipita njia iyo hiyo. Mara ya mwisho walimsikia kwenye simu akilia, halafu kimya.

Baada ya magharibi simu ikalia.

"Hooyo, nimefika. Uko wapi?"

"Niko hotelini, mwanangu. Hapa karibu na malori. Njoo kwanza tuongee."

Hotelini! Isiolo nzima inajua hoteli ni pa chai na chapati. Pa kulala ni lodging. Lakini lodging za barabarani zina sifa zake za ukahaba, na mjane mwenye heshima angelitamkaje neno hilo mbele ya mtoto wa kiume? Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Huyu alikuwa amezaa, na bado akaficha.

Simu ikaisha chaji papo hapo. Stima nayo ilikuwa imepotea tangu mchana. Kushuka aliogopa wasije wakapishana, basi akakaa kitandani akipanga maneno ya kumwambia. Kila kishindo cha ngazini kilimsimamisha. Malori yalinguruma, vioo vikatetemeka, Yahye hakuja. Akaamini mtoto amemdanganya, na hasira ikamliza mpaka adhana ya alfajiri.

Kulipokucha akashuka kwenye hoteli ya chini. Mhudumu, Ekaale, akamtazama sana.

"Habari ya asubuhi, mama. Ni wewe ulikuwa unatafutwa na kijana fulani, Yahye?"

"Umemwona?"

"Alikuja hapa jana anauliza mama yake. Nikamwambia hajakuja kula hapa. Akaingia hoteli zote za hii barabara, mpaka ile ya mwisho. Akarudi amechoka kabisa. Nikamwambia, labda mama amelala lodging hapo juu, wacha nikuulizie."

"Akasemaje?"

Ekaale akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Alikasirika, mama. Karibu anichape. Akasema mama yake hawezi lala lodging. Akapanda lori."

Safiyo akaketi palepale sakafuni, mbele ya watu wote, akajua kwamba na huyu wa pili amekwenda.