Sekur Iko

Mwaka ule barabara ya Mutwanga ilifunguliwa tena baada ya mapigano, na wiki hiyohiyo daktari wa macho alifika Butembo. Nilipopata habari hizo mbili kwa siku moja, nilipiga magoti palepale jikoni nikamshukuru Mungu.

Mama yangu, Emérence, alikuwa Mutwanga katika shamba lake la kahawa, chini ya milima ya Rwenzori. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeziba macho yake yote mawili. Alitofautisha mchana na usiku tu. Daktari yule angepasua wagonjwa mpaka Ijumaa jioni, kisha angepanda ndege kurudi kwao. Hakuna aliyejua kama angekuja tena, wala kama barabara ingebaki wazi hadi mwezi uliofuata. Pikipiki zilifika Mutwanga, lakini mama alikuwa ameanguka na pikipiki mara moja akavunjika mkono, hakutaka tena kuzisikia. Ilihitajika gari.

Nilikwenda kwa Melchior, mtoto wa dada yake mama. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na mama yangu ndiye aliyemlea. Wakati huo alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Alikuwa na Landkruza nyeupe, yenye viti vya ngozi na vioo vyeusi, ambayo hata wanawe hawakuruhusiwa kuigusa kwa mikono yenye mafuta.

"Yaya Melchior," nilimwambia, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa, "ni mama mudogo wako. Macho yake inakufa."

Hakufikiri mara mbili. "Tunaenda kumuchukua. Mais," alisema, yaani lakini kwa Kifaransa, "gari yangu haitokake bila mimi."

Dereva wake wa kawaida alikuwa safarini, kwa hiyo alimwita Kitsa, mtu wa makamo ambaye kwa miaka mingi aliendesha lori la mboga katika njia za Vuhovi. Kitsa alizunguka Landkruza polepole, mikono mgongoni, akasimama mbele ya gurudumu la kwanza. Matairi yalikuwa mapana, meusi, yanang'aa.

"Patron, hii mapine ni ya kuendea ku misa."

"Uiheshimu. Ilitoka Dubai."

"Dubai kuko matope?"

Melchior alicheka, lakini hakupenda. Alisema tairi pana hushika ardhi kubwa zaidi, na mtoto yeyote anaelewa hilo. Kitsa alikubali kwamba kwenye mchanga ni kweli, tairi pana haizami. "Mais matope yetu ni ya kuteleza kama sabuni, Patron. Chini yake kuko udongo ya nguvu. Pine pana inaogelea juu, mistari yake inajaa, inakuwa kama kiatu ya dansi. Pine nyembamba, ya meno kubwa, inakata matope mpaka inagusa chini. Na mbavu yake inapaswa kuwa nene, juu ya mawe."

"Itaharibu sura ya gari."

"Gari ikilala ku mufereji, sura yake itakuwa wapi?"

Mwishowe Melchior alikubali. Tulipeleka gari Mususa kwa Sikuli, kwado wa mtaa wetu, yaani fundi wa matairi. Sikuli alikuwa na matairi matano ya kufaa, yametumika lakini meno yake bado marefu. Alitoa magurudumu yote, hata lile la akiba linalofungwa chini ya tumbo la gari kwa nyuma, ili yote yawe ya namna moja. Manne yalikwisha jioni. Melchior na mimi tulikuwa tumekwisha kwenda zetu Sikuli alipomwambia Kitsa kwamba la tano atalimaliza nyumbani, na alfajiri atalileta yeye mwenyewe kwa Melchior na kulifunga kabla hatujaondoka.

Sasa lazima nieleze neno moja. Gurudumu la akiba sisi huliita sekur. Ni neno la Kifaransa, maana yake msaada. Lakini katika parokia yetu watu wengi wanampenda sana Bikira Maria wa Msaada wa Daima, na kwa mazoea wanamwita Mama wa Sekur. Melchior alikuwa amening'iniza medali ya Bikira huyo kwenye kioo cha ndani ya gari. Halafu kuna Kiswahili chetu. Shuleni wanafundisha kwamba mtu yuko na kitu kiko. Kwetu Butembo mtu iko, kitu iko, na watakatifu wote iko.

Basi alfajiri ya Alhamisi tulikuwa tumekwisha kukaa ndani ya gari. Kitsa alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwa askari, alikochukua ruhusa ya njia. Aliwasha injini, akageuka.

"Patron, sekur iko?"

Melchior alikuwa na rozari mkononi. Aliinua macho kwenye kioo. "Iko. Bila sekur mi natokaka hapana."

"Muzuri," alisema Kitsa, akaondoa gari.

Tulifanya ishara ya msalaba, tukaenda. Baadaye tuliambiwa kwamba Sikuli alifika mlangoni akibingirisha gurudumu la tano wakati vumbi letu lilikuwa bado halijatua.

Safari ya kwenda ilikuwa njema. Kwenye mteremko wa Kabasha mvua ilikuwa imenyesha, malori mawili yalikuwa yamelala upande, lakini meno ya matairi yetu yalishika. Kwenye kizuizi kabla ya Beni askari mmoja kutoka Équateur alizunguka gari akicheka. "Mutuka kitoko!" alisema kwa lugha ya kwao, yaani gari zuri. "Mais, Papa, umeivalisha buti ya shamba?" Melchior alitazama mbele kama hakusikia. Tuliposhuka bonde la Semliki na kuvuka daraja, niliona mikono ya Melchior ikigeuza usukani usiokuwepo upande wake wa abiria, alikuwa akiendesha kwa roho. Jioni tulifika Mutwanga, tukamkuta mama amekaa tayari na mfuko wake wa nguo. Tulilala hapo, na Ijumaa asubuhi mapema tukaanza kurudi.

Hatukwenda mbali. Mahali ambapo maji ya mlima yamekata njia, jiwe lenye ncha lilikuwa limejificha ndani ya dimbwi. Tulisikia mlio kama nguo inayopasuka, na gari likainama kwa nyuma.

Kitsa alishuka, akalala chali, akaingia chini ya gari. Tuliona viatu vyake tu.

"Patron."

"Nini?"

"Sekur iko wapi?"

"Namna gani iko wapi? Si iko hapa?" Melchior alinyoosha kidole kwenye medali.

Kitsa alitoka chini ya gari, amejaa matope mpaka kwenye kope. "Ile ni Bikira!"

"Ndio yeye. Bikira wa Sekur. Uliniuliza, nilikujibu."

"Mi nilikuuliza pine!"

"Neno pine ulilisema saa gani?"

"Patron, dereva akiuliza sekur, anauliza katekisimu?"

"Na dereva ya kweli haichungulie chini ya gari mbele ya kutoka?"

Hapo Melchior alikuwa amesema kweli, na wote wawili walijua. Kisha kutoka kiti cha nyuma tulisikia mama anacheka, kicheko chake cha tumboni, huku akijipangusa machozi.

"Batoto yangu, mumuache Mama wa Mungu. Hajasema hata siku moja kama atafungwa chini ya gari na bulon kama pine."

Mimi sikuweza kucheka. Mpasuko ulikuwa kwenye ubavu wa tairi, mrefu kama kidole, na Kitsa alisema ubavu haukubali kiraka, ukijaza upepo utafunguka tena. Nilihesabu saa kichwani. Nilimwona daktari anafunga masanduku yake. Nilisogea pembeni ya njia nikasali kwa maneno machache: Bwana, umemfikisha hapa, usimrudishe gizani. Sikuwa na maneno mengine.

Mkulima mmoja aliyepita na jembe alituambia kwamba juu kidogo kuna kituo cha walinzi wa hifadhi, nao wana pikapu ya Toyota. Kitsa na Melchior walipanda kwa miguu. Mimi nilimshika mama mkono, nasi tukawafuata polepole, kwa kuwa hakutaka kubaki peke yake.

Pikapu ilikuwepo kweli, lakini haikuwa na injini, na sehemu ya mbele ilikaa juu ya mawe. Mlinzi, mtu mwembamba aliyeitwa Eliezer, alitusikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni.

"Askari walikuja hapa," alisema. "Walisema wanaazima magurudumu mbili za mbele kwa siku mbili. Ni mwaka sasa. Mi siazimishi tena."

Melchior alieleza yeye ni nani, maduka yake yako wapi, nani anamfahamu Butembo. Eliezer alitikisa kichwa. Alisema jina haliwezi kubeba pikapu, na injini mpya ikija atajibu nini kwa wakubwa wake?

Kitsa alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikapu akihesabu matundu ya bulon, yaani boliti: sita, kama yetu. Alipima urefu wa tairi kwa shubiri, akakunja uso. "Iko mirefu kupita yetu. Moja peke yake haitusaidie, Patron. Ekseli moja inataka pine mbili za kulingana, kama hapana, mashine ya katikati itakufa ku njia. Tunaomba zote mbili tufunge nyuma, na ile yetu nzima ya nyuma inakuwa sekur." Alisita. "Sekur ya pine."

Zote mbili! Nilimwona Eliezer anaanza kuingia ndani. Mama alikuwa amekaa juu ya gogo, uso wake umeelekea mahali pasipo na mtu, kwa sababu hakujua tumesimama wapi. Melchior alimtazama. Alimtazama kwa muda, halafu akavua saa yake, akaivaa tena, kama aliyeona haifai.

"Eliezer," alisema, "mi nitabaki."

"Utabaki wapi?"

"Hapa. Na wewe. Gari itaenda, mama atatibiwa, magurudumu yako itarudi. Yasiporudi, utanilisha mpaka nizeeke."

"Patron!" alisema Kitsa. "Gari bila wewe?"

"Unataka niipigie simu? Enda." Alimpa funguo za akiba pia, ambazo sikuwahi kuziona nje ya mfuko wake.

Eliezer alimpima kwa macho, kutoka kofia mpaka viatu vyake vya ngozi. "Tunakula maharagwe hapa. Asubuhi na jioni."

"Nimelelewa na huyu mama. Najua maharagwe."

Mama alisikia yote. Alinyoosha mkono hewani, Melchior akaushika. "Wasingya, mwana wangu," alisema, yaani asante kwa lugha yetu.

Tuliyabingirisha magurudumu hadi kwenye gari, na kuyafunga kulichukua muda, maana ardhi ilikuwa laini na jeki ilizama mpaka tulipoiwekea ubao wa mlango wa kituo. Eliezer mwenyewe ndiye aliyeung'oa. Gari liliinua matako kama bata, likaondoka. Kitsa aliendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, bila kukata kona kwa nguvu. Darajani, Beni, hakuna aliyetuzuia kwa muda mrefu. Kwenye Kabasha mvua ilitukuta tukipanda, na nyuma ya kila kona nilitarajia tuteleze, lakini yale matairi membamba, marefu, yaliingia ndani ya matope mpaka yakapata udongo mgumu, yakatusukuma. Nilisali rozari mafumbo yote. Mama aliitikia kila Salamu Maria, na katikati alisinzia, akaamka, akaendelea palepale tulipofika.

Daktari alikuwa amekwisha kuvua koti lake. Muuguzi alituambia tumechelewa, kazi imefungwa. Kitsa ndiye aliyeingia na matope yake mpaka katikati ya chumba kilichooshwa, akasema, "Dokta, kuko mutu amebaki Mutwanga kama rehani juu ya hii macho." Daktari hakuelewa Kiswahili. Muuguzi alimtafsiria, na nadhani alitafsiri vizuri, kwa sababu daktari alimtazama mama, akachukua tena koti lake.

"Jicho moja," alisema. "Muda unatosha kwa jicho moja."

Kitsa alipitia kwa Sikuli, akachukua gurudumu la tano, na asubuhi akarudi Mutwanga. Safari hii alilala chini ya gari na kuangalia mwenyewe, akaligusa, akalipiga kwa ngumi.

Siku Landkruza iliporudi, mama alikuwa amekaa kwangu mlangoni, bandeji imetolewa, akiwa bado anakunja uso kwa sababu ya mwanga. Gari lilisimama. Alishuka mtu mwenye koti la kijani la walinzi, buti za mpira zimempita ukubwa, ndevu za siku kadhaa.

"Kavuo," mama aliniambia, "huyu Melchior, nani amemuvalisha hivi?"

Melchior alikuwa bado hajasema neno. Alisimama katikati ya uwanja na mfuko wake mkononi.

"Mama mudogo, unaniona?"

"Ninakuona. Umenona. Na umeota mvi, hakuna mutu aliniambia. Njoo karibu."

Alisogea, akachuchumaa mbele yake katika zile buti. Mama aligeuza kichwa kidogo, upande wa jicho lililofunguliwa, akaanza kumtazama usoni, sehemu moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote.