Hina ya Mke wa Msafiri

Mvua ilinyesha mbali, juu huko Machakos. Hapa chini anga lilikuwa kavu, ndiyo maana Othman hakuuogopa mto. Alikuwa akitoka Kitui na lori la mbuzi, akaingia drifti, kile kivuko cha saruji kinachopitiwa na mto, wakati maji ya mvua ile yakishuka kwa nguvu. Kesho yake lori lilipatikana limelala ubavu, kabini imejaa matope. Othman hakuwemo.

Basi Tima, mkewe, pale nyumbani Makindu, akawa si mke si mjane. Jamani, hakuna mateso kama hayo. Ukilia, unamzika mtu kabla ya wakati. Ukicheka, huna haya. Chakula kilimshinda, usingizi ukamkimbia, kifua kikambana hata pumzi ikawa ya kuombaomba. Mama mkwe wake, Bi Safa, alijifungia chumba cha pili na tasbihi yake. Tangu lori lionekane hakuwa amemwambia neno la maana.

Ndeti, mshauri wa pale zahanati, alimpa karatasi na kalamu.

"Funga macho, dada. Acha kalamu itembee vile inataka, usiiinue. Ukichoka, fungua macho, kila nafasi imetokea ujaze na rangi ama vidoti. Usijaribu kuchora kitu. Pumua tu."

"Na itamrudisha?"

"Hapana," Ndeti akasema. "Itakusaidia ufike jioni."

Angalau hakumdanganya.

Nyumbani kalamu ilimkataa. Mkono wa Tima ulizoea koni ya hina. Ndiyo kazi iliyomlisha, kupaka maharusi kuanzia Makindu hadi Kibwezi. Ilibaki koni aliyomtayarishia bi harusi mmoja, akakosa moyo wa kwenda. Akaitoboa, akafumba macho, akaiachilia itembee juu ya mkono wake wa kushoto. Mstari ukapanda, ukajizungusha, ukajikata. Akafungua macho, akaanza kujaza: vitone hapa, majani pale. Pumzi ikaingia mpaka chini. Kesho akarudia, na keshokutwa, akipanda kuelekea kiwiko.

Hakuwaza watu. Hilo ndilo kosa lake, kama ni kosa. Kwao mke hupaka hina mumewe akikaribia kurudi safari. Mjane haigusi mpaka eda iishe. Majirani wakauona mkono ule dukani, wakapata la kusema.

"Mume hajulikani aliko, yeye anajiremba! Anamrembea nani?"

Maneno hayana breki, yakamfikia Bi Safa. Bi Safa akautazama ule mkono, akarudi chumbani, akafunga mlango. Tima angependa zaidi atukanwe.

Kisha wachimba mchanga wakamkuta Othman, mto ulikomfunika. Akazikwa siku hiyohiyo. Tima akakalishwa jamvini, kavishwa nguo isiyo na pambo. Alikuwa ameusugua mkono kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu, hata ngozi ikachubuka. Hina ikazidi kuiva. Hina haina huruma; huondoka ikitaka yenyewe.

Wanawake wakaja kumpa pole. Aliuficha mkono chini ya mtandio, lakini mmoja alipoinama kumkumbatia, mtandio ukateleza.

"Astaghfirullah," mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika. "Mjane na hina mbichi?"

Bi Safa akainuka kutoka pembeni. Tima akafumba macho, akingoja kufukuzwa.

"Mimi ndiye niliyempaka," Bi Safa alisema. "Mwanangu alikuwa safarini. Nilitaka arudi amkute mkewe yuko tayari."

Bi Safa akaketi jamvini, akauchukua mkono uliochubuka, akauweka mapajani mwake. Kidole chake kikaufuata ule mstari, polepole, kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, bila kuinuka. Kilipofika mwisho kikarudi mwanzo, na hapo ndipo Bi Safa alipoanza kulia.